Mkanda wa Bibi Halvara

Kitu cha kwanza Maren alichokiona ni mkanda. Alikuwa anafuta vumbi kabatini, nyuma ya kaunta ya duka la michezo la wazazi wake, akakishika kisanamu cha Bibi Halvara kwa vidole viwili kama alivyozoea, na akaona rangi nyekundu ya mkanda imekwanguliwa. Haikukwanguliwa sana. Kiunoni tu, upande mmoja, bati lilitokeza likimeta kama jino. Alikigeuza, akakitazama tena, akakirudisha mahali pake bila kusema neno. Kukaa kimya ndiyo ilikuwa tabia yake.

Kisanamu chenyewe hakikuzidi urefu wa kidole. Kilikuwa cha askari mwenye deraya na upanga, nywele zimesukwa, kiunoni mkanda mwekundu. Aliyekipaka rangi ni Everett Pribyl, baba mdogo wa Maren, aliyefariki majira ya baridi yaliyopita. Na kwa desturi ya meza ya Lyle, baba yake Maren, ambapo Lyle husimulia hadithi, kila mchezaji hutamka anachotenda mhusika wake na dadu huamua matokeo, mchezaji akifa mhusika wake hafi naye, hurithiwa. Bibi Halvara alirithiwa na Maren, binti wa miaka ishirini na mbili ambaye mezani humnong'oneza baba yake sikioni, na baba yake ndiye anayetangaza, "Bibi Halvara anachomoa upanga!" Wachezaji wenzake walishazoea. Walisema Halvara ndiye shujaa pekee mwenye msemaji.

Simu ya duka ikalia. Corinne, mama yake Maren, akaipokea huku akiendelea kubandika bei kwenye maboksi ya dadu.

"Duka la Pribyl, habari za asubuhi... Ndiyo, bango ni letu. Nimelichora mimi, kwa mkono huu huu... La, baba, hatufundishi watoto kitu chochote. Watoto ndio wanaotufundisha sisi, juzi mmoja kanifilisi dhahabu yangu yote... Enhe. Enhe. Na mama yako anajua unavyoongea na wanawake wa umri wake?" Akaisikiliza simu, kisha akaiweka. "Amekata. Huyu wa Texas. Kaniuliza kama huku kwetu Rasmus Point ni Kanada."

Bango lilikuwa la tamasha la michezo linalofanyika kila mwaka katika mji wetu, kwenye ukumbi wa klabu ya wawindaji. Corinne alimchora Halvara amesimama juu ya daraja, chini yake akaandika: Njoo ucheze na Bibi Halvara, aliyezaliwa Halvar, akafa, akafufuka, na bado hajachoka. Kwa watu wa meza ile ulikuwa utani wa siku zote. Lakini mtu mmoja wa mbali, mwenye watazamaji wengi mtandaoni, aliliona bango hilo, akalitia kwenye video yake, akasema hawa ndio wanaoharibu michezo ya baba zetu, wanachukua mashujaa wetu na kuwafanya wanawake. Akaisoma namba ya duka, taratibu, ili watu waiandike.

Kichekesho ni kwamba mkanda ule ulikuwa mkongwe kuliko yeye. Wachezaji wa zamani wanaujua mkanda wa laana. Mwanamume anauvaa, anaamka mwanamke, wenzake wanacheka mpaka machozi, kisha wanachanga dhahabu na kumpeleka kwa kuhani akafunguliwe. Ndivyo ilivyomkuta Halvar, miaka mingi nyuma, alipochezwa na Everett. Wakacheka, wakachanga, wakampeleka. Kuhani akauliza, "Nikuvue?" Everett akajibu, "Hapana. Uache. Unanienea." Wakacheka tena.

Ila meza ya Lyle ina sheria moja kuu: kilichosemwa mezani kimetendeka. Hakuna kurudisha maneno. Duane Schuh, anayecheza mbilikimo, aliwahi kusema kwa utani, "Basi namuuza punda," na punda akauzwa hapo hapo. Mpaka leo Duane anamlilia punda yule. Kwa hiyo Halvar alikuwa Halvara tangu siku ile, na hakuna aliyeona ajabu mpaka dunia ilipopiga simu.

*

Ijumaa walikwenda kula samaki baa kwa Tesch, kama kila mtu. Wiki nyingine zote dada mhudumu huwaweka dirishani, lakini siku hiyo aliwapeleka karibu na mlango wa jikoni, kwenye meza inayoyumba. "Kule kumejaa," alisema, na kule kulikuwa na meza tupu mbili.

"Haidhuru," Corinne akasema, akakunja kitambaa cha karatasi na kukisukuma chini ya mguu wa meza. "Hapa samaki wanafika wa moto."

Samaki wakaja, na chapati za viazi, na mkate mweusi. Lyle alikula akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya kutisha majitu, lakini sauti hiyo alikuwa nayo mezani kwake tu. Nje ya meza alikuwa mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye.

Vern Tesch, mwenye baa, alikuwa amesimama na wenzake nyuma ya bia zao. Akapaza sauti. "Lyle! Hebu tuamulie ubishi. Huyo shujaa wako, pale kasrini, anaingia choo kipi, cha wanaume au cha wanawake?"

Baa nzima ikageuka. Lyle aliweka uma chini.

"Kasri halina choo, Vern," Corinne akajibu bila hata kugeuka. "Anakwenda nyuma ya zizi, kama wewe ulivyofanya kwenye harusi yetu."

Watu wakaangua kicheko, hata wenzake Vern. Vern naye akacheka, maana angefanyaje. Lakini baadaye, Lyle alipokwenda kulipa, Vern alimrudishia chenji kwa kuisukuma juu ya kaunta badala ya kumpa mkononi. Sarafu moja ikaanguka. Lyle akainama kuiokota. Maren alimwona baba yake akiinama, akageuza macho haraka, ili wasikutane macho atakapoinuka.

*

Siku ya pili yake Duane Schuh alifika kwa miguu, akapitia mlango wa gereji, alimokuwa Lyle. Maren alikuwa chini, kwenye chumba cha mashine ya kufulia, na ukuta kati ya chumba kile na gereji ni mbao tu.

"Klabu imekaa jana," Duane alisema. Yeye ndiye katibu wa klabu ya wawindaji, na ufunguo wa ukumbi uko kwake. "Wazee wamekasirika, Lyle. Simu zinawafikia na wao. Wanataka kutunyima ukumbi."

"Watu wa Green Bay wameshalipia meza. Na Milwaukee. Duane, bila tamasha duka halifiki Krismasi. Unajua."

"Najua, ndiyo maana nimekutetea. Nimewaambia Lyle ni mtu wetu. Wanataka kitu kimoja tu."

"Halvara atoke."

"Asitoke! Nani kasema atoke? Arudi. Arudi alivyokuwa. Wewe si ndiye mwenye meza? Mlete yule kuhani, avue mkanda, Halvar asimame, watu wapige makofi, mtu apige picha moja, mambo yameisha. Ni mchezo tu, bwana."

"Kama ni mchezo tu mbona wazee wako wanaogopa?"

Duane akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Hebu usinitie katika mtihani, kaka. Mimi ni katibu, sijaapishwa kuwa shahidi wa imani."

Kisha Lyle akasema kwa sauti ya chini, "Ni mhusika wa Maren. Siwezi kumsemea."

"Kila Jumamosi unamsemea!"

"Ananinong'oneza kwanza."

"Basi sikiliza. Kuhani aulize, mbele ya watu wote: nikuvue? Maren atanyamaza. Lini umemsikia huyo mtoto akisema mbele za watu? Shuleni alikuwa anajibu kwa kutikisa kichwa. Atanyamaza, na aliyenyamaza amekubali. Sheria yako haijavunjwa." Duane akasogea, mbao zikalia. "Na wewe mwenyewe umeshaanza, Lyle. Una rangi nyekundu ukuchani."

"Nilitaka kuona tu kama inatoka."

"Inatoka?"

"Kwa shida. Everett alikuwa anapaka rangi, anasubiri ikauke, anapaka tena. Hakuwa na haraka na kile kisanamu." Lyle akautazama ukucha wake. "Angeelewa, unafikiri?"

"Everett? Everett alikuwa mtu wa mizaha. Angecheka."

Nyuma ya mbao, Maren alikuwa ameshika shati la baba yake lenye maji. Alilikamua, akalikamua tena, mpaka hakuna tone lililobaki.

*

Aliyajua ambayo Duane hakuyajua, na baba yake pia hakuyajua.

Siku za mwisho za Everett hospitalini, Maren ndiye aliyekuwa anakaa naye mchana, kwa sababu alikuwa hapendi maongezi na mgonjwa naye alikuwa hana pumzi ya kuongea. Walipanga visanamu kwenye meza ya chakula ya kitandani. Siku moja Everett alikisogeza kisanamu cha Halvara mpaka mkononi mwake. "Huyu ni wako sasa," alisema. "Usimvue mkanda."

Maren akatikisa kichwa kukubali.

"Na nina ombi jingine, dogo tu." Akamwomba amwite kwa neno moja. Neno la kawaida, ambalo watoto hulitumia kila siku bila kulifikiria. Alitaka kulisikia mara moja, kabla hajaondoka, akiitwa hivyo yeye. Maren akafungua mdomo. Neno likafika midomoni, na hapo hapo muuguzi akaingia na sahani ya jeli ya machungwa, akiuliza nani ana njaa.

Everett akamtazama Maren usoni, akatabasamu. Hakuwa na kinyongo. "Haidhuru. Utalisema siku utakayoweza. Lakini lisemee mezani, eh? Pale kinachosemwa kinatendeka."

Sasa Maren alipanda ngazi, akaenda dukani, akatoa kisanamu kabatini. Alichukua kopo la rangi nyekundu na brashi nyembamba kuliko zote, ile yenye unywele kama wa kope. Akapaka pale palipokwanguliwa. Akasubiri ikauke. Akapaka tena.

Asubuhi Lyle alipokaa kunywa kahawa, alimkuta Halvara amesimama mbele ya kikombe chake, mkanda unang'aa. Corinne alikuwa anakaanga mayai, ameipa mgongo meza. Maren alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Lyle alikitazama kisanamu kwa muda mrefu, kisha akaficha kidole gumba ndani ya kiganja.

"Mayai mangapi?" Corinne akauliza.

"Sina njaa," Lyle akasema.

"Leo? Siku ya tamasha? Hebu acha mambo yako. Majitu yatakula nini?"

*

Ukumbi ulijaa kuliko mwaka wowote. Zile simu zilikuwa zimefanya kazi ambayo bango peke yake lisingeifanya. Walikuja wenye hasira, na wengi zaidi wakaja kwa sababu ya wenye hasira. Ukutani vichwa vya paa waliowindwa vilikuwa vinatazama meza kwa macho ya kioo, na mtu alikuwa amemvalisha mmoja kofia ya mchawi. Corinne aliuza dadu mpaka akaishiwa za kijani. Alikuwa anapita na birika la kahawa akiwaita wageni "mwanangu" na wazee wa klabu "vijana wangu", na wazee wakajikuta wananyoosha vikombe.

Meza ya Lyle iliwekwa katikati, watu wakasimama kuizunguka. Vern Tesch alikuwa mstari wa mbele, simu yake juu, anarekodi.

Maren alipofika mahali pake alikuta kiti chake hakipo. Siku zote alikaa kuliani kwa baba yake, karibu na sikio. Leo pale alikaa Duane, na kiti chake kilikuwa kimewekwa mwisho kabisa wa meza, upande wa pili. Alimtazama baba yake. Lyle alikuwa anapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Maren akaketi. Akamweka Halvara mbele yake.

Lyle alisimulia vizuri, kama kawaida yake. Daraja likabomoka, majitu yakaanguka, msichana mmoja kutoka Green Bay akapata namba ya juu kabisa ya dadu na watu wakapiga kelele. Kisha wakafika mlango wa hekalu.

"Anatoka kuhani," Lyle akasema. "Ni yule yule wa zamani, amezeeka. Anamtazama Bibi Halvara. Anasema: 'Mwanangu, mwenye laana hapiti hapa. Nikuvue mkanda?'"

Lyle alikuwa hodari wa kuigiza sauti. Jini lake lilikuwa jini, malkia wake malkia. Lakini kuhani huyu alikuwa na sauti ya Lyle mwenyewe, ile ya kuomba radhi.

Corinne alisimama na birika mkononi. "Lyle," akasema. Hilo tu.

Maren aliinuka nusu, kwa mazoea, kwenda kunong'ona. Meza nzima ilikuwa kati yake na baba yake.

"Kaa, binti, sema hapo hapo," Duane akasema, hakumtazama. "Leo hakuna kunong'ona, na wa nyuma wanataka kusikia. Usiposema, kuhani ataona umekubali."

Lyle alikuwa ameinamisha kichwa kama siku ile baa kwa Tesch, na mkono wake ulikuwa umeanza, polepole, kunyooka juu ya meza kuelekea kisanamu.

"Hapana," Maren akasema.

"Sauti, dada!" Vern akaita. "Simu yangu haikusikii!"

"Hapana." Sauti ilimtoka nene kuliko alivyoitarajia, ya kukwaruza, kama bawaba ya mlango usiofunguliwa. "Halvara havuliwi mkanda. Laana haipo. Ni wake. Kuhani atupishe njia."

Msichana wa Green Bay akapiga kofi moja, akajiona yuko peke yake, akaendelea hivyo hivyo. Wengine wakamfuata.

"Ngojeni," Duane akasema. "Ngojeni kwanza, huyu mtoto—"

"Wangoje nini, shemeji?" Corinne alikuwa ameshafika mezani, birika bado mkononi. "Kilichosemwa mezani kimetendeka. Au leo sheria imebadilika? Kama imebadilika niambie, nikurudishie punda wako."

Hata vichwa vya paa vingecheka. Duane akawa mwekundu mpaka masikioni. Aliwatazama wazee wa klabu wamesimama na kahawa ya Corinne mikononi, akamtazama Maren, akaitazama dadu yake. Alikuwa mtu wa woga lakini hakuwa mtu wa kuvunja sheria ya meza. Na alikuwa amelipa, miaka yote hiyo, gharama kamili ya sheria ile.

"Punda wangu aliuzwa kwa sheria hii," akasema hatimaye. "Na nilimpenda. Basi. Imetendeka. Kuhani ampishe."

Lyle akainua uso. Macho yake yalikuwa na maji. "Kuhani anampisha," akasema, na safari hii sauti ilikuwa ya kuhani. Mkono wake akaurudisha mapajani.

Ingeweza kuishia hapo. Lakini Vern hakushusha simu.

"Mnachezeana akili tu," alisema. "Mimi nimefanya kazi na Everett kiwandani miaka na miaka. Tulikuwa tunavua samaki pamoja juu ya barafu. Alikuwa mwanamume kama mimi. Mkanda ulikuwa mzaha wake, na nyinyi mmeugeuza dini. Muulizeni Lyle. Lyle, mkanda wa mdogo wako ulikuwa mzaha au si mzaha?"

Wote wakamgeukia Lyle. Alilijua jambo la Everett kama mtu wa ziwani anavyojua mahali penye barafu nyembamba, kwa kutopita hapo, miaka yote, bila kuuliza kwa nini anazunguka.

Maren aliuweka mkono wake wazi juu ya mbao, kando ya kisanamu, ili asije mtu akadai kwamba lilisemwa nje ya meza. Hakumtazama Vern, wala simu yake. Alimtazama baba yake, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyemsemea.

"Haukuwa mzaha," akasema. "Everett alikuwa shangazi yangu."